Kesho Kuna Etape

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa parokia, hapa Goma, tulipokutana kuwaaga vijana wetu watano wanaokwenda nje kushindana mbio za baiskeli za siku nane. Mvua iliwazuia wengi kufika, na wengine mlikuwa sokoni. Nimeyaandika yote, pamoja na yale yaliyonitoka bila kupangwa.

Wapapa, wamama, wakubwa wa mtaa, vijana wa chukudu, mikokoteni yetu ya mbao ya magurudumu mawili, mlioacha mizigo yenu hapo nje, na ninyi wadogo zangu watano mlioketi mbele: jambo yenu!

Mimi ni mtu wa kinga, yaani baiskeli. Tangu nina miaka 11 nanyonga kinga katika mji huu, juu ya mawe haya ya volkano, Birere, Majengo, njia ya Sake, mlima wa Kibumba. Na mara moja katika maisha yangu nilibandikwa namba mgongoni katika mbio kubwa za nchi nyingine. Mara moja tu. Nilikwenda kwa siku nane. Siku ya sita jina langu likafutwa.

Mbio zenyewe ni zile za kuizunguka Rwanda, Tour du Rwanda. Najua jina la nchi hiyo linagusa majeraha ya watu wengi waliomo humu, na mimi nina ya kwangu. Leo sikuja na hayo. Nimekuja na habari ya barabara, ya miguu na ya sahani ya chakula, kwa sababu hawa watano wanaondoka Jumatatu, na kuna jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia kabla sijaondoka.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni: mwanangu, hizi ni mbio gani ambazo mtu anakimbia wiki nzima? Halali usingizi? Hali chakula?

Mama, swali lako ndilo hotuba yangu.

Mbio tunazozijua hapa ni za siku moja. Tunaondoka asubuhi, tunakwenda Sake, tunarudi, wa kwanza anapewa zawadi, tunakunywa soda, basi. Mbio za etape ni kitu kingine. Leo mnatoka mji huu mpaka mji ule, kilomita 100, 120, wakati mwingine 180. Saa inaandikwa kwa kila mtu. Kesho mnatoka pale mlipolala mpaka mji mwingine, saa inaandikwa tena, inajumlishwa na ya jana. Keshokutwa hivyo hivyo. Mwisho, yule ambaye jumla ya saa zake ni ndogo kuliko za wote ndiye mshindi, ndiye anayevaa mayo, yaani fulana, ya njano. Anaweza kushinda bila kuwa wa kwanza hata siku moja. Mwaka 1989, katika Tour de France, Greg LeMond alimshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8. Wiki tatu za barabara, zaidi ya kilomita 3200, na tofauti ni sekunde 8! Muda wa mtu kufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo katika mbio hizi hakuna leo iliyo peke yake. Ukishinda leo, kesho kuna etape. Ukianguka leo, ukachubuka paja na kiwiko, kesho kuna etape. Ukipigwa na mvua masaa manne mpaka vidole havisikii breki, kesho kuna etape. Nataka neno hili mlibebe: kesho kuna etape. Ninyi watano mlibebe, na ninyi wazazi mlibebe zaidi, mtaona kwa nini.

Tulikuwa watano, kama ninyi. Miaka ile mbio zilifanyika mwezi wa kumi na moja, wakati wa mvua. Tangu 2019 zimehamia mwezi wa pili na zimepandishwa daraja. Siku ya kwanza kila mtu alikimbia peke yake kilomita chache ndani ya Kigali. Siku ya pili tukaelekea mashariki, njia ya Rwamagana mpaka Kibungo. Barabara safi, lami kama meza. Mimi nilizoea mashimo ya hapa, na nilipoona lami ile moyo ukapanda. Nikajiambia: leo watu wa Goma watasikia jina langu kwenye redio.

Bendera ikashushwa. Hata kilomita tano hazijafika, nikatoka mbele. Peke yangu. Nikanyonga, nikanyonga, nikatazama nyuma, sikuona mtu. Watu pembeni wanapiga makofi, watoto wanapiga kelele, pikipiki ya picha iko ubavuni pangu. Kilomita 20 nzima nilikuwa wa kwanza! Nani humu ndani asingefurahi?

Halafu nikaanza kuusikia upepo.

Vijana wa chukudu, ninyi mtanielewa upesi. Mkiwa na magunia ya makaa au kabichi za Kibumba mnapofika kwenye mpando, mnafanyaje? Mmoja anashika usukani, wawili wanasukuma kwa nyuma. Mtu hapandishi mzigo ule peke yake akiwa na wenzake pembeni. Sasa kwenye kinga mzigo wenyewe hauonekani. Mzigo ni hewa. Ukiwa mbele, unaipasua wewe kwa kifua chako. Aliye nyuma ya gurudumu lako anatumia nguvu pungufu kwa robo, hata theluthi, na mko kwenye mwendo ule ule. Wale waliokuwa nyuma yangu walikuwa zaidi ya 60, wanapokezana, wanazungumza, wanakunywa maji. Hawakuwa wameshindwa kunifuata. Walikuwa wananiacha nichoke.

Walinipita kama basi linavyompita mtu wa miguu. Nilifika Kibungo dakika 14 baada ya mshindi.

Pale mwishoni palikuwa na mzee mmoja, mkufunzi wa timu nyingine kabisa. Alinitazama nilivyoketi chini, akaniletea maji, akaniuliza kwa Kiswahili: "Kijana, ulikuwa unamkimbia nani?"

Ulikuwa unamkimbia nani? Sikuwa na jibu. Na nawauliza ninyi watano: kule mnakokwenda, mtakuwa mnamkimbia nani? Kama ni umaskini, hautawakamata katika kilomita ya tano. Kama ni kutaka kuonekana nyumbani, sisi tunawaona tayari.

Tangu jioni ile nikajifunza kazi ya mbeba maji. Katika timu ya watu watano, mmoja ndiye mwenye nafasi ya kushika nafasi nzuri kwenye jumla, na wanne wanamfanyia kazi. Unarudi nyuma kwenye gari la timu, unachukua chupa, unazipachika mfukoni, mgongoni, ndani ya mayo, kilo tano, sita, unapanda tena mpaka mbele kuwagawia wenzako. Unampa mkubwa wako gurudumu lako likitoboka lake. Unapasua upepo ili yeye asiupasue. Jina lako halitasomwa. Na niwaambie ukweli, katika siku zangu zile, saa nilizozipenda kuliko zote ni hizo nilizobeba maji. Nilipokuwa natoa chupa ya kwanza mgongoni na mwenzangu anaipokea bila hata kunitazama, kwa sababu anajua nitakuwepo, nilijisikia mtu wa maana kuliko kwenye zile kilomita 20 za makofi.

Sasa wazazi, hapa naomba jambo. Mkiwapigia simu msiwaulize, "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto aliyekuwa wa 58 huku amemvuta mwenzake kilomita 90, mkimuuliza hivyo, mnamvunja. Kesho yake atataka kuwa wa 30 kwa ajili yenu, atamwacha mwenzake kwenye upepo, na timu nzima itakufa. Muulizeni, "Leo umefanya kazi gani?" Atawaeleza mpaka mchoke.

Niseme juu ya chakula. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapowapoteza vijana wetu wengi kuliko kwenye milima.

Mwili wa mtu una akiba ya nguvu za haraka, zile zinazotoka kwenye ugali, wali, viazi, ndizi. Ukinyonga kwa nguvu, akiba ile inakwisha kama baada ya saa moja na nusu, saa mbili. Etape ni masaa matatu, manne. Hesabu ni hiyo, haina ubishi. Usipokula juu ya kinga, taa inazimika. Haizimiki polepole, inazimika ghafla: miguu inakuwa ya mtu mwingine, jasho linakuwa baridi, barabara unaiona mbali kama kwenye ndoto.

Mimi taa ilinizimikia siku ya tatu, kwenye mipando ya kuelekea Musanze. Na siyo kwamba chakula hakikuwepo. Asubuhi tulipewa kila mmoja vifuko vya sukari nzito, vile vya kufyonza, na vipande vya keki vilivyofungwa kwenye karatasi. Sikuwa nimewahi kuvionja. Nikavitazama, nikamkumbuka mdogo wangu nyumbani, nikajiambia vitu vizuri kama hivi siwezi kuvila peke yangu barabarani. Nikaviweka kwenye begi, nimpelekee. Siku mbili nilifanya hivyo. Begi likajaa zawadi, na mimi nikasimama pembeni ya barabara nimeinamia usukani, sijui hata naelekea upande gani.

Wangapi humu ndani mngefanya kama mimi? Nyanyueni mikono, msiogope. Naona mikono. Ndivyo tulivyolelewa: kizuri hakiliwi peke yako. Ni malezi mema, sitayasema vibaya. Lakini wadogo zangu, nawaomba kwa jina la wazazi wenu: kile mnachopewa asubuhi, mkile. Chote. Msile mkisikia njaa, maana mkiisikia mmeshachelewa. Kila nusu saa, kitu mdomoni. Kwa saa moja mwili unahitaji kama gramu 60 za wanga, na ndizi moja ya kawaida ina kama 25. Kwa hiyo ndizi mbili, tatu kila saa, kama hamna kingine. Ndizi zipo kila nchi.

Jioni ile, hotelini Musanze, nilikuwa natazama sahani yangu bila hamu. Uchovu unaua hamu ya chakula, mtajionea. Meza ya pili walikaa Waeritrea. Nyote mnajua watu hawa katika kinga ni nani. Daniel Teklehaimanot alivaa mayo ya mfalme wa milima katika Tour de France mwaka 2015, hakuna Mwafrika aliyewahi kuivaa kabla yake. Biniam Girmay, mtoto wa Asmara, mwaka 2024 alishinda etape tatu katika Tour ile moja na kurudi na mayo ya kijani, ile ya mwenye alama nyingi. Basi nilikuwa nimewawekea picha kichwani kwamba wana siri fulani, dawa fulani, damu fulani. Nikawatazama. Unajua walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanakula wali. Bila maneno, bila simu, kijiko baada ya kijiko. Kijana mmoja alimaliza sahani ya kwanza, akaenda akajaza ya pili, akaenda akajaza ya tatu. Akaona namtazama. Lugha hatukuwa nayo. Akaonyesha sahani yangu kwa kidole, akaonyesha miguu yangu, akaweka viganja viwili chini ya shavu kama mtu anayelala. Kisha akainuka na kwenda zake. Ilikuwa saa mbili usiku.

Kula. Miguu. Lala. Hiyo ndiyo siri niliyokuwa naitafuta. Kesho kuna etape.

Juu ya kinga zenyewe sitasema mengi, fundi wetu ameshawafundisha. Neno moja tu kwenu mliotoka kwenye chukudu: najua hamwogopi kuteremka. Mtu aliyeteremka Kibumba na nusu tani nyuma yake haogopi kitu. Lakini lami yenye maji na tairi nyembamba ya kidole kimoja ni kitu kingine. Breki inashikwa kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Mwenzetu mmoja aliishika ndani ya kona. Mkono wake mpaka leo haunyooki.

Sasa nifike siku ya tano na ya sita.

Siku ya tano tulitoka Muhanga, tukapita Ngororero, tukapanda mpaka Mukamira, halafu barabara inateremka, inateremka, mpaka Rubavu. Rubavu, yaani Gisenyi, yaani hapo ng'ambo! Mbio zilikuwa zinanileta nyumbani. Kutoka pale zilipoishia, ningeweza kutembea kwa miguu mpaka Birere.

Asubuhi ile nilikuwa hoi. Kwenye mpando wa kwanza peloto, lile kundi kubwa la wakimbiaji, iliniacha. Na hapa lazima niwaeleze sheria moja, kwa sababu ndiyo iliyonikata. Kila etape ina muda wa mwisho. Wasimamizi wanachukua muda wa mshindi, wanaongeza asilimia fulani kulingana na ugumu wa njia, na atakayefika baada ya hapo ameondolewa. Tuseme mshindi ametumia masaa 3 na dakika 20, na asilimia ni 15. Una dakika 30. Ukifika dakika ya 31, umekwisha, hata kama ulikuwa unalia njia nzima. Nyuma ya watu wote linakuja gari wanaloliita la fagio, linaokota waliochoka.

Walioachwa hawafi ovyo, lakini. Wanajikusanya. Wakimbiaji wa tambarare ambao milima si yao, waliougua tumbo, walioanguka jana, wabeba maji waliomaliza kazi. Wanafanya kundi lao la mwisho, na katika kundi lile hakuna timu, hakuna taifa. Mtu mmoja mzima aliyezoea anapiga hesabu: wako mbele kwa dakika 18, kwenye mteremko tutapata mbili, twendeni. Anayedhoofika anasukumwa mgongoni. Mwenye maji anagawa. Nilikuwa katika kundi hilo na Mwalgeria, Mkenya, Wanyarwanda wawili na Mfaransa mmoja mwenye ndevu ambaye hakunyamaza hata dakika. Tukafika Rubavu pamoja, tumebakiza dakika 6.

Na pale mwishoni, ndugu zangu, mlikuwepo ninyi.

Mlivuka. Mlichukua jeto zenu, vibali vya kuvuka, pale mpakani Petite Barrière, mkavuka na watoto mgongoni, na vuvuzela, na masufuria. Nilikuwa mtu wa 61, na mkanishangilia kama mtu wa kwanza. Wengine mko humu ndani, nawaona. Mlininyanyua juu. Nilisikia jina langu likiitwa na watu mia kwa Kiswahili cha kwetu, na nikalia mbele ya wageni, wala sikuona haya.

Mama yangu alikuwa pale. Siku ile aliacha nyanya zake sokoni ili aje. Alinipenya kati ya watu, akainama, akanishika shavu la mguu. Akalibonyeza kama anavyobonyeza nyanya kujua kama imeiva mno. Akaniambia, "Papa, nenda ukalale." Maneno hayo tu. Kisha akageuka akarudi mpakani.

Sikwenda kulala.

Mlinifuata hotelini. Mjomba alikuja, na wenzangu wa Majengo, na kaka wa kanisani, na mtu aliyeniletea samaki, na mtu aliyeniletea ujumbe wa mtu mwingine. Kila mtu alitaka picha. Kila mtu alikuwa na neno la kunitia moyo. Mmoja alinivuta pembeni akaniambia shida ya karo, akidhani wakimbiaji tunalipwa kila jioni. Ningewaambia nini? Mtu amevuka mpaka kwa ajili yako, utamwambia ondoka, nataka kula? Kwetu haiwezekani. Nilisimama pale uani kwa miguu ileile iliyopanda Mukamira, saa moja, saa mbili, saa tatu. Niliporudi ndani jiko lilikuwa limefungwa. Nikala mkate na samaki baridi. Kitandani nikawa naisikia sauti ya vuvuzela mpaka saa saba za usiku.

Kutoka Rubavu, barabara inapanda mara moja. Haikupi hata kilomita tatu za kuamsha miguu. Ziwa liko kama mita 1460, na unapanda mpaka zaidi ya mita 2000. Peloto ikaondoka kama mtu aliyechelewa kazini. Kwenye kona ya pili nilikuwa wa mwisho, na safari hii hapakuwa na kundi la mwisho, kwa sababu walioachwa wenzangu wa jana walikuwa wamelala vizuri, na asubuhi ile walibaki na peloto. Nilikuwa peke yangu na gari la fagio nyuma yangu. Dereva wake hakupiga honi hata mara moja. Alikuwa mtu mwema.

Sikupanda gari lile. Nilifika mwisho kwa kinga yangu. Nilichelewa dakika 4.

Jioni orodha ikabandikwa ukutani. Nikaisoma kutoka juu mpaka chini, nikaisoma tena kutoka chini kwenda juu. Jina langu halikuwepo. Wenzangu walikuwa wanakula. Kesho kulikuwa na etape, na mimi sikuwa na etape.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana sipendi mtu atoke humu akisema nimewalaumu. Siwalaumu! Upendo ule sikuwahi kuupata kabla yake wala baada yake. Kosa la kukaa uani lilikuwa langu, mimi ndiye niliyekuwa na miguu, mimi ndiye niliyepaswa kusema. Lakini nilikuwa na miaka 22, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kumpenda mkimbiaji saa mbili za usiku ni kumwacha. Majirani zetu walikuwa wamelijifunza hilo. Tangu mbio zao ziingie kwenye kalenda ya dunia mwaka 2009, walikaa miaka mitano bila mshindi wa kwao. Kuanzia 2014 mpaka 2018 mayo ya njano haikutoka nyumbani, mwaka baada ya mwaka. Baadhi ya vijana wao walianza kwa kubeba viazi na abiria kwenye baiskeli za chuma, kama sisi. Miguu yao haikuwa tofauti na yetu. Nimeketi nao kundi moja, naijua. Jioni zao ndizo zilizokuwa tofauti.

Na kama mmoja wa hawa watano atarudi bila kumaliza, je? Mtampokea vipi? Septemba 2025, ubingwa wa dunia ulipofanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika, mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5. Walianza zaidi ya 160, mabingwa wa dunia nzima, watu wenye mabasi, wapishi na madaktari. Waliofika mwisho walikuwa 30. Thelathini! Waliobaki walirudi kwao na hakuna aliyewaita wavivu. Basi na hapa mtaani asiitwe mtu mvivu. Mpokeeni, mpeni bugali na sombe, muulizeni kazi aliyoifanya.

Sasa niombe nilichokuja kuomba.

Siku zile nane, simu zao zitakaa kwa mkubwa wa timu kuanzia saa moja jioni. Tumekubaliana nao, hawakulazimishwa. Ukipiga haitapokelewa, usidhani amekudharau. Kukiwa na shida nyumbani, mtoto ana homa, nyumba inavuja, karo inadaiwa, usimwambie yeye. Niambie mimi. Namba yangu mnayo. Mimi silali mapema, mimi sina etape. Kukiwa na msiba, tutakaa wakubwa watatu, tutaamua pamoja ni nani amwambie na saa ngapi. Picha za mbio tutaziweka kila jioni kwenye kundi letu la simu, mtaziona, mtafurahi, mtapiga kelele zenu huku huku Goma mpaka wazisikie kwa moyo.

Mdogo wangu, wewe wa kwanza pale, mama yako amenieleza kwamba ameandaa mikate kilo nne. Nimemwambia aipunguze, ila ibebe. Kula mwenyewe.

Mama yangu yuko pale, safu ya tatu, kitenge cha kijani. Hajawahi kuniuliza kwa nini jina langu lilifutwa. Wiki iliyopita nilimwambia nitakuja kuisimulia habari hii mbele ya watu, nikamwomba ruhusa. Akaniuliza vijana wanaondoka saa ngapi. Nikamwambia Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, gari litakuwa hapa mlangoni. Akasema basi watu wawaage Jumapili mchana, baada ya misa.

Kwa hiyo ni Jumapili mchana, wapapa na wamama, hapa hapa uani, mpaka saa kumi. Leteni watoto, leteni vuvuzela. Saa kumi na moja nafunga geti mwenyewe.